Mlio wa Gari Jipya

Tulipopata pikapu mpya ya dizeli kwa kazi ya usharika, asubuhi ya kwanza tulishikwa na hofu. Injini iligonga kana kwamba vyuma vyavunjika ndani. Tukaizima, tukamwita fundi. Akasikiliza, akatufundisha: injini ya dizeli haina plagi za kutoa cheche. Hewa hushindiliwa hata iwe na joto kali. Mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe kwa ghafula, na kule kuwaka ndiko kunakogonga, hasa injini ikiwa baridi. “Huu ndio mlio wake,” akasema. “Uzoeeni, mpate kujua siku utakapogeuka. Na taa nyekundu ya oili ikiwaka njiani, zimeni mara moja.”

Neno hilo lilituchoma. Mara ngapi tumemkemea ndugu mgeni kwa sauti yake kubwa, ambayo ni asili yake tu. Na yule wa siku zote aliponyamaza ghafula, hatukumwuliza, akapotea? Basi tusikilizane kila siku, ili tutambue mapema sauti ya mwenzetu inapogeuka. Bwana atupe masikio ya kusikia. Amina.