Kunena Pasi na Ujuzi

Ni swali la zamani, nalo halijaisha: je, yamfaa mtu kutoa hukumu juu ya jambo asilolijua? Wengi watajibu upesi kwamba haifai. Lakini tuwatazame barazani, litajwapo jambo la wale wanaojitambua kuwa si wa jinsia waliyoandikiwa walipozaliwa. Hapo kila mmoja huwa kadhi, na shahidi hayuko.

Jambo la kwanza litupasalo ni kupambanua maneno. Huntha, ambaye vitabu vya fikihi vimemtaja tangu kale, ni yule aliyezaliwa na maumbile yasiyobainika wazi kuwa ya kiume au ya kike. Huyu si sawa na mtu ambaye mwili wake hauna utata, ila nafsi yake yakataa jinsia aliyohesabiwa. Hesabu ya watu ya Kenya ya mwaka 2019 iliandika mahuntha 1,524. Mwenye kuichukua idadi hiyo akasema ndiyo ya hao wa pili amekosa, ijapokuwa tarakimu zake ni sahihi.

La pili ni tarehe ya khabari. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitisha orodha mpya ya maradhi, ikaanza kutumika Januari 1, 2022. Ndani yake hali hii imetolewa katika mlango wa maradhi ya akili, ikatiwa katika ule wa afya ya kijinsia. Basi kitabu cha kabla ya hapo chaweza kuwa cha mwandishi mwaminifu, na bado kikampoteza msomaji.

La tatu ni kuisoma khabari hata mwisho wake. Aprili 2024 daktari Hilary Cass wa Uingereza alitoa ripoti juu ya matibabu ya vijana wa namna hii. Alisema kuwa ushahidi juu ya dawa za kuzuia balehe ni dhaifu. Akasema pia kuwa vijana hao wastahili kuangaliwa vyema kama wagonjwa wengine. Wako madaktari waliomkubali, na wako waliompinga. Lakini wasimulizi wengi hushika neno moja wakaliacha la pili. Tena ushahidi dhaifu hauthibitishi kuwa dawa yadhuru, wala kuwa yafaa. Watuamuru hadhari na uchunguzi.

Huenda mtu akasema: "Mimi si daktari, haya yanihusu nini?" Twamjibu: yatakuhusu siku mwanao atakapokujia na siri yake. Siku hiyo neno lililookotwa njiani laweza kumfukuza mtoto nyumbani, au kumtia mikononi mwa muuza dawa asiye na elimu. Kwa hivyo tuulize: ni nani asemaye? Amejuaje? Ana faida gani? Je, huutaja mpaka wa ujuzi wake?

Kila mtu ana rai yake juu ya lifaalo na lisilofaa. Lakini rai, hata iwe na nguvu namna gani, haimpi mwenyewe ruhusa ya kumzulia mwenziwe.