Deni la Jua na Upepo

Msomaji mpenzi, kuna swali moja ambalo ningependa tulipime pamoja katika mizani ya akili: Je, kitu kisicho na bei huwa hakina deni? Jua humwangazia tajiri na maskini bila kudai malipo, na upepo humpepea mkubwa na mdogo bila kuuliza jina. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kwamba, maadamu neema hizi mbili huja bure, umeme unaozaliwa nazo nao haumdai mtu neno lolote ila kuufurahia. Mimi nasema sivyo, na ushahidi wangu nitauanzia Laare.

Laare ni mji wa biashara katika Igembe Kaskazini, kaunti ya Meru, kwenye miteremko ya milima ya Nyambene. Jina lake limefika mbali kwa ajili ya zao la miraa. Sikusudii kusifu wala kulaumu utafunaji wa miraa; hilo ni shauri jingine. Nataka utazame tu jinsi zao hilo linavyopelekwa sokoni. Wachumaji hupanda miti na kuchuma vichipukizi. Wafungaji hufunga vitita na kuvivika majani ya mgomba visinyauke. Kisha magari huondoka kwa kasi kuelekea Nairobi. Haraka yote hiyo ni ya nini? Ni kwa kuwa miraa haingoji mtu. Zikipita siku mbili hivi, kilichokuwa fedha huwa takataka.

Umeme una haraka kuliko miraa. Wahenga walisema akiba haiozi, nao walisema kweli juu ya mahindi ghalani na fedha kibindoni. Lakini umeme huoza kabla ya kope kufumba. Katika gridi ya taifa, yaani mtandao wa nyaya unaounganisha mitambo mikubwa na nyumba za watu, umeme unaotolewa na umeme unaotumiwa hauna budi kulingana kila sekunde. Mpigo wa umeme wa Kenya ni mara 50 kwa sekunde. Watumiaji wakiwazidi watoaji, mpigo hushuka; watoaji wakiwazidi watumiaji, mpigo hupanda; nao ukivuka mpaka wake, mitambo hujizima ili isiharibike, na giza likatanda. Betri kubwa za kuweka umeme zipo, lakini za kutosheleza taifa zima ni ghali mno.

Kwa miaka mingi Kenya ilitegemea zaidi maji ya mto Tana. Bwawa la Kindaruma lilianza kazi mwaka 1968, na lile kubwa la Masinga mwaka 1981, yote mawili yakiwa mpakani mwa nchi ya Embu. Mto ulipojaa, taa ziliwaka. Mto ulipokauka, taifa lilikaa gizani. Ukame wa mwaka 1999 na 2000 ulileta mgao wa umeme, na mwaka 2009 mitambo ya Masinga ilisimamishwa kwa upungufu wa maji. Hivyo nchi ikajifunza kutoweka mayai yake yote katika kikapu kimoja. Mvuke wa ardhini wa Olkaria, uliokwisha kuanza kutumiwa mwaka 1981, ukaongezwa. Upepo wa kando ya ziwa Turkana ukaingia katika gridi mwaka 2018, na jua la Garissa likafuata. Leo zaidi ya asilimia 80 ya umeme wa Kenya hutokana na neema hizi zisizokwisha. Hilo ni jambo la fahari. Lakini kila fahari ina wajibu wake.

Tazama tabia za wageni hawa. Jua hutoa nguvu zake nyingi adhuhuri, bali Wakenya huhitaji umeme zaidi baina ya saa 1 na saa 4 usiku, wakati wa kupika, kusoma na kuzungumza. Upepo wa Turkana nao huvuma sana usiku, hata watu wanapokuwa wamelala. Basi mgeni mmoja huja kabla ya chakula kuiva, na mwingine huja baada ya vyombo kuoshwa. Wageni hawa hawana kosa, ndivyo walivyoumbwa. Wajibu ni wa mwenyeji, na wajibu huo ndio ninaouita deni. Nitautaja katika sehemu tatu.

Deni la kwanza ni kutayarisha njia. Mwaka 2017 mitambo 365 ya upepo ilikuwa imekwisha kusimamishwa Loiyangalani katika kaunti ya Marsabit, yenye uwezo wa megawati 310. Upepo ulivuma, mitambo ilikuwa tayari, lakini nyaya za kuuchukua umeme hadi Suswa, mwendo wa kilomita zaidi ya 400, zilikuwa hazijakamilika. Zilikamilika Septemba 2018. Katika muda huo wa kungoja, mabilioni ya shilingi yalidaiwa kwa umeme ambao haukumwangazia mtu. Wewe uliyezaliwa Laare huhitaji kuelezwa uchungu wa jambo hili. Machi 2020 Somalia ilifunga mlango wake kwa miraa ya Kenya, ikaufungua tena Julai 2022. Miti iliendelea kuchipuka kama kawaida, bali mazao yalikosa njia. Neema isiyoandaliwa njia hugeuka hasara.

Deni la pili ni kupokezana zamu. Wakulima wa miteremko ya Mlima Kenya wanaotumia mfereji mmoja wa maji wanaijua sheria hii: huyu hunyweshea shamba lake leo, yule kesho, na anayefungua maji nje ya zamu yake huwa amemwibia jirani. Gridi ni mfereji mmoja wa watu wengi. Upepo unapovuma kwa nguvu, maji ya Masinga yanaweza kuzuiliwa bwawani, yafunguliwe wakati upepo unapotulia. Hivyo bwawa huwa ghala, na upepo huwa mkulima wa kulijaza. Hata watumiaji wana zamu yao. Mwaka 2017 Kenya ilianza kuviuzia viwanda umeme wa usiku kwa bei nafuu, ili kazi zinazoweza kungoja zifanywe wakati ambapo nguvu ni nyingi na watu ni wachache. Maana yake ni kwamba kiasi si kutumia kidogo tu. Kiasi ni kutumia kwa wakati wake. Mtu anayepiga pasi saa 2 usiku, hali angeweza kuipiga adhuhuri, havunji sheria yoyote ya nchi. Lakini anajipakulia wakati sahani za jirani zake zingali tupu.

Deni la tatu ni haki kwa wenye ardhi. Upepo hauna mwenyewe, bali nguzo ya mtambo husimama juu ya udongo, na udongo una wenyewe. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ikiketi Meru, iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi ule wa Turkana, ekari 150,000, hazikupatikana kwa kufuata sheria. Wafugaji waliokuwa wakichunga humo tangu enzi za mababu ndio waliopeleka shauri hilo. Tena fikiri jambo hili: nyaya za nguvu kubwa haziwezi kuwasha taa ya mtu anayekaa chini yake, mpaka kijengwe kituo cha kuzipunguza nguvu. Yamkini mchungaji akaona umeme wa nchi yake ukipita juu ya kichwa chake kwenda mjini, naye akaingia kulala kwa mwanga wa moto wa kuni. Je, tuseme umeme huo ni safi kwa kuwa hauna moshi? Usafi wa kitu haupimwi kwa moshi peke yake. Hupimwa pia kwa machozi.

Hapa atasimama mtu wa kunipinga. Tumfikirie kuwa mfanyabiashara wa Laare, mwenye duka, friji na mabamba ya sola juu ya paa. Atasema, "Mimi nimenunua jua langu kwa fedha zangu. Gridi hukatika mara kwa mara na maziwa yangu huharibika. Nina deni gani kwa nguzo za watu?"

Hoja yake si ya kupuuzwa. Kujitegemea ni sifa njema, na mtandao usioaminika hauna haki ya kudai uaminifu wa wateja wake. Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilizimika, hata uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi ukapatwa na giza. Kampuni ya umeme ilitaja kukatika kwa nguvu za mtambo wa upepo wa Turkana. Wenye mtambo wakajibu kwamba hitilafu ya gridi yenyewe ndiyo iliyowalazimisha kuzima. Mwananchi aliyekaa gizani hakujua amwamini nani. Nani atamlaumu akinunua taa yake mwenyewe?

Hata hivyo, nguzo, nyaya na mabwawa yana gharama yake usiku na mchana, iwe mtu anavuta umeme au havuti. Ikiwa kila mwenye uwezo atajitoa, akarudi tu siku za mawingu paneli zake zinaposhindwa, gharama haitapungua. Itawaangukia kinyozi, mshonaji na mjane ambao hawana fedha za kununua paneli. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Huyu atakuwa kama mkulima aliyechimba kisima chake, akakataa kuja kuzibua mfereji pamoja na wenzake, kisha kisima kikikauka anataka zamu ya kwanza.

Simwambii basi avunje mabamba yake. Namwambia abaki katika ushirika: alipe sehemu yake ya haki ya kuzitunza njia, na ziada ya jua lake la adhuhuri iwafae wenzake kwa bei ya haki. Nao wanaousimamia mtandao ninawaambia kwamba wamlipe kwa uaminifu, na wamwambie kweli siku taa zinapozimika. Deni ni la pande mbili, na upande mmoja ukikataa kulipa, wa pili hudhoofika moyo.

Msomaji mpenzi, labda siku moja wewe ndiwe utakayechora njia ya nyaya, au utakayeamua shauri la ardhi, au utakayeuza paneli katika soko la Laare. Hata usipokuwa mmoja wa hao, utakuwa mtumiaji, na mtumiaji ana sehemu yake katika mizani ile inayopimwa kila sekunde. Jua na upepo havitatuletea hati ya madai. Watakaotudai ni watu: yule aliyetoa ardhi, yule anayengoja zamu, na yule ambaye nguzo haijafika kwake. Usiku wa leo utakapowasha taa ili usome, jiulize ni nani kati ya hao ambaye hujamlipa.