Ila ya Kikuukuu, Stara ya Kipya

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na ndani ya maneno hayo machache walitia sifa na kejeli kwa pamoja. Nafsi hufurahia upya kwa ajili ya upya wenyewe, hata pale kipya kinapouma. Methali hii yafaa ikumbukwe na kila aingiaye dukani kununua kompyuta mpakato, ile ambayo wengi huiita laptopu, akawekewa mbili mbele yake: moja mpya ndani ya sanduku lake, ya pili imekwisha kutumika ughaibuni, ikakarabatiwa na kurudishwa sokoni. Bei zimekaribiana. Achukue ipi?

Mpenda fahari atasema mtumba ni taka za wengine. Mwenye kujinasibu na uangalifu atasema kununua kipya ni israfu. Wote wawili wanahukumu kwa umri, na umri peke yake hausemi mengi. Kompyuta nyingi zinazokarabatiwa ni zile zilizoundwa kwa matumizi ya ofisi, mfano wa ThinkPad, Latitude na EliteBook, ambazo makampuni ya Ulaya na Marekani huzitumia miaka mitatu au minne kisha huziondoa. Nyingi katika hizo ziliundwa zitengenezeke: kibodi hubadilishwa, kumbukumbu huongezwa, betri hufunguliwa. Mpya ya bei hiyo hiyo aghalabu ni ya daraja la chini. Kumbukumbu yake ya gigabaiti 4 imelehemiwa katika ubao wake, haiongezeki. Na hifadhi yake ya gigabaiti 64 huliwa sehemu kubwa na mfumo wenyewe kabla mtu hajaandika neno. Ni mfano wa kuchagua baina ya jahazi kuukuu la msaji, lililokwisha kalafatiwa, na mashua mpya ya mbao za sanduku.

Walakini mfano wa jahazi una mpaka wake. Jahazi hufa kwa kuoza. Kompyuta yaweza kufa ingali nzima. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10, ila kwa waliojiandikisha kuongezewa muda mfupi; na Windows 11 iliyoifuata haizipokei rasmi kompyuta zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017, isipokuwa chache mno. Mashine zisizohesabika, zilizokuwa zikifanya kazi vyema asubuhi ya siku ile, zikafikwa na ajali. Neno hili, kabla ya kuzoeleka kwa habari za magari kugongana, lina maana ya muda uliokadiriwa. Ajali ya mja aijuaye ni Mola peke yake. Ajali ya kompyuta imeandikwa na mtu wa mbali, na muuzaji anaijua, au ilimpasa aijue.

Hapo suala linatoka mfukoni na kuingia katika maadili. Sheria ya Kiislamu haikumkataza mtu kuuza kitu chenye ila, imemkataza kuificha. Mnunuzi aliyefichwa aibu ya bidhaa anayo hiari ya kuirudisha, na mafakihi wameliandikia jambo hilo milango mizima. Je, kompyuta iliyopanguswa ikang'ara, ikabandikwa neno "imekarabatiwa", nayo mfumo wake umekwisha achwa na betri yake haikai nusu saa, ina aibu au haina? Inayo, tena kubwa kuliko ufa wa kioo, maana ufa waonekana. Na ile mpya isiyoongezeka kumbukumbu nayo ina yake, ingawa nani huuliza aibu ya kipya? Upya umekuwa stara.

Wapo pia wasiokuwapo dukani. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, inayoingia katika betri nyingi za aina hii, huchimbwa Kongo, na huko Kolwezi wako wanaoichimba kwa mikono, nao ni wasemaji wa Kiswahili. Kila kipya kisichohitajika kina jasho lao. Lakini mnunuzi wa kikuukuu asijione ametakasika: dunia ilitupa tani milioni 62 za taka za umeme mwaka 2022, na mashine itakayokufa baada ya miezi sita ni taka iliyosafirishwa tu hadi kisiwani.

Basi mwanafunzi wa kuchora majengo au wa kuhariri filamu, ambaye kazi yake yataka nguvu, na angoje, aweke akiba, anunue mpya iliyo njema hasa. Mwalimu mstaafu anayetaka kupiga chapa diwani ya babu yake, kutoka hati za Kiarabu zinazoliwa na mchwa, atatoshelezwa na ya zamani: kizazi cha nane au zaidi, au yenye Linux kama ana kijana wa kumsaidia. Aombe dhamana kwa maandishi. Kisha, kwa kuwa waliokuwapo Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanajua miezi mitatu bila ya umeme ni kitu gani, amwambie muuzaji achomoe waya ukutani, iagizwe kahawa, wakae wazungumze, na mkono usiingie mfukoni mpaka buli liishe na kioo kingali kinawaka.