Mlango Usiobishwa Hodi

Katika visiwa na miji ya mwambao, mtu havuki kizingiti cha mwenzake ila baada ya kubisha hodi, wala haingii ila baada ya kuitikiwa karibu. Ada hii haikuwekwa kwa ajili ya wezi, kwani mwizi habishi hodi. Iliwekwa kwa ajili ya watu wema, ili nao wakumbuke kwamba nia njema haimpi mtu haki ya kuona kila kilichomo ndani. Leo suala la hodi limezuka upya pahala ambapo wazee hawakulitarajia, nalo ni katika kutafuta wafanyakazi.

Zamani mwajiri alimjua mwombaji kazi kwa barua yake, vyeti vyake, usaili, na neno la mdhamini. Ilipoanzishwa mitandao ya kijamii, LinkedIn mwaka 2003 na Facebook mwaka 2004, alipata dirisha jingine la kuchungulia. Nchini Marekani wako waliofikia hata kuwataka waombaji wawape maneno ya siri ya kurasa zao. Mwaka 2012 jimbo la Maryland lilikuwa la mwanzo kulipiga marufuku jambo hilo kwa sheria, na majimbo mengine yakafuata.

Mwajiri naye ana hoja. Anayemkabidhi mtu watoto wa skuli, au funguo za hazina, ana wajibu wa kumjua. Tena, atasema, aliyenena barazani hana haki ya kulalamika kwamba amesikiwa.

Hoja hii ina uzito, lakini haitoshi. Wasikilizaji wa barazani humjua msemaji. Hujua lini alifanya mzaha, na lini alighadhibika kwa kuchokozwa. Neno la barazani husahauliwa, na mila na dini zimefundisha kusitiri aibu ya aliyejirekebisha. Ukurasa hausahau wala hausitiri. Mwombaji wa miaka 30 huhukumiwa kwa maneno ya kijana wa miaka 17 aliyekuwa yeye zamani. Na kinyume chake ni kweli pia: mwenye kujua kujipamba hupita kwa picha zake, ilhali uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mdhamini wa zamani aliweza kukosea, lakini aliweza kuulizwa. Picha haiulizwi.

Liko jambo zito zaidi ya kuchungulia, nalo ni kufunga mlango kabla mtu hajaufikia. Tangazo la kazi lililobandikwa ukutani husomwa na kila apitaye. Tangazo la mtandaoni laweza kuchaguliwa wasomaji wake, likaonyeshwa vijana na kufichwa wazee, likaonyeshwa wanaume na kufichwa wanawake. Mwezi Machi 2019, katika suluhu na jumuiya za kutetea haki za raia nchini Marekani, Facebook ilikubali kuwazuia watangazaji wa kazi huko wasichague wasomaji kwa umri, jinsia wala mtaa wanaokaa. Aliyenyimwa kazi usoni hulia, hulalamika, au hujisahihisha. Aliyefichwa tangazo hata hajui kwamba amenyimwa.

Hapo ndipo dhulma yenyewe ilipo. Si katika kuona, bali katika kuhukumu pasipo mwenye kuhukumiwa kujua wala kujibu. Wahenga walisema msema pweke hakosi. Na mwajiri aliye peke yake mbele ya ukurasa wa mtu ni msema pweke: ndiye mshitaki, ndiye shahidi, ndiye kadhi.

Dawa yake si kuivunja mitandao, kwani imewafikishia wengi riziki ambayo isingewafikia. Dawa ni hodi. Mwajiri atangaze kazi mbele ya wote wanaostahiki, amwarifu mwombaji kwamba ukurasa wake utasomwa, na kila kilichomtia shaka amwulize mwenyewe kabla ya kukata shauri. Huenda jibu lisimridhishe, na kazi akapewa mwingine. Lakini aliyekosa kazi baada ya kusikilizwa hurudi kwao na heshima yake.