Nibuku Kitanda, au Nimwachie Mungu?



Leo tuchukue swali moja la safari. Umeamua kwenda hija kwa miguu, begi mgongoni, rozari mfukoni. Je, ubuku kabisa mahali pa kulala kila usiku, au uende tu, giza likikukuta Mungu atajua? Swali linaonekana dogo. Lakini jaribu kuliweka mezani kwenye kikao cha vijana wa parokia uone. Mmoja atasema, "Jamani tupange, hatuendi kulala stendi." Mwingine atamjibu, "Sasa hiyo ni hija au utalii? Imani iko wapi?" Na kila mmoja ana Biblia mkononi.

Kitu kimoja nilichojifunza kwenye falsafa ni kwamba watu wawili wakibishana muda mrefu bila kusogea, mara nyingi kuna jambo ambalo wote wawili wamelisahau. Hapa wamemsahau mtu. Nitamtaja mbele kidogo. Kwanza tuione njia yenyewe.

Njia ya Mtakatifu Yakobo

Hija ya miguu inayojulikana sana katika Kanisa ni ile ya kwenda Santiago de Compostela, kaskazini-magharibi mwa Hispania, kwenye kaburi linaloheshimiwa kuwa la Mtume Yakobo Mkubwa. Watu wanaitembea tangu Zama za Kati. Njia inayopitwa na wengi huanzia Saint-Jean-Pied-de-Port, Ufaransa, na ina karibu kilomita 780. Mtu wa kawaida hutumia kama mwezi mmoja au zaidi kidogo. Mwaka 2023 ofisi ya mahujaji ya Santiago iliandikisha mahujaji zaidi ya 440,000 kwa njia zote.

Wote hao wanalala wapi? Njiani kuna hosteli za mahujaji, zinaitwa albergue. Zile za watu binafsi unaweza kubuku kwa simu. Zile za umma, kwa mfano za serikali ya jimbo la Galicia, kwa kawaida hazishiki nafasi za mapema: anayefika kwanza ndiye anapata, na anayetembea kwa miguu hutangulizwa mbele ya mwenye baiskeli. Nyingine, hasa za parokia na za watawa, hazina bei. Kuna kisanduku, unaweka ulichojaliwa.

Sasa angalia kinachotokea miezi ya joto, watu wanapojaa. Mahujaji wengine huamka alfajiri, wanawasha tochi, wanapakia begi wenzao wakiwa bado wamelala, wanatoka mbio ili wawahi kitanda cha kijiji kinachofuata. Hawajabuku. Kwa macho, hao ndio watu wa imani, si ndiyo? Lakini siku nzima wazo ni moja tu: kitanda. Kanisa la zamani wanalipita, mwenzao anachechemea wanampita. Wakati huohuo, aliyebuku anatembea taratibu, anaingia kusali, anakaa na mzee wa kijiji chini ya mti.

Kwa hiyo kutobuku peke yake si kumtumaini Mungu. Unaweza kukosa mpango na bado ukawa mtumwa wa wasiwasi.

Yesu alipanga, na Yesu alikataza

Upande wa "twende tu" una maandiko mazuri. Yesu aliwatuma wale sabini na wawili bila mfuko wala viatu (Lk 10:4). Mtakatifu Yakobo anawaonya wale wanaotangaza kwamba kesho wataenda mji fulani wakafanye biashara mwaka mzima, wakati uhai wao ni kama mvuke (Yak 4:13-15).

Lakini soma sura moja nyuma, Luka 9. Yesu anaelekea Yerusalemu, na anatuma watu wamtangulie kijiji cha Wasamaria wakamwandalie mahali. Kwa lugha yetu ya leo, alituma watu wakabuku. Na kabla ya Karamu ya Mwisho aliwatuma Petro na Yohane wakatafute chumba, kikawa tayari (Lk 22:7-13). Usiku uleule akawakumbusha jinsi walivyotumwa bila mfuko wasipungukiwe kitu, kisha akawaambia kwamba sasa mwenye mfuko auchukue (Lk 22:35-36). Bwana yuleyule, wanafunzi walewale, maagizo mawili tofauti. Kumbe hakuna kanuni moja ya malazi iliyoshuka kutoka mbinguni.

Tena kuna yule aliyemwambia Yesu ajitupe kutoka kwenye kinara cha hekalu, eti malaika watamdaka (Mt 4:5-7). Huyo naye alitumia lugha ya kumtumaini Mungu! Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba anayeacha njia aliyonayo mkononi, bila sababu ya lazima, ili aone kama Mungu atamwokoa, huyo anamjaribu Mungu. Binti anayefika mji asioujua saa tano usiku, simu imezima, hana pa kulala, huku alikuwa na wiki nzima ya kupiga simu moja, asituambie kwamba ametenda tendo la imani.

Thomas huyohuyo anasema kuona mbele ni sehemu ya fadhila ya busara. Ila anaweka mpaka: kila wakati una shughuli yake. Mavuno ya nafaka yana msimu wake, na ya zabibu wake. Anayehangaikia zabibu msimu wa nafaka anajibebesha mzigo usio wa siku hiyo. Kwa mkulima wa kwetu: wakati wa palizi, palilia. Usikeshe ukiwaza bei ya gunia sokoni ilhali magugu yanakutazama.

Mtu tuliyemsahau

Wote wawili kwenye ule ubishi wanadhani suala ni kati ya "mimi na Mungu wangu". Mimi nina imani au sina. Mimi nina usalama au sina. Lakini kitanda kina mwenyewe. Kuna mwenyeji anayekifua shuka, na kuna msafiri mwingine anayekuja nyuma yako amechoka kuliko wewe. Hao ndio waliosahaulika.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alilijua hili. Mwaka 1523 alikuwa Barcelona, anataka kuvuka bahari kuelekea Yerusalemu, bila pesa. Nahodha mmoja akakubali kumchukua bure, kwa sharti moja: aje na biskuti ngumu za kumtosha safarini. Inyasi akasumbuka sana rohoni. Nikibeba chakula, si nitakuwa nimeacha kumtumaini Mungu? Akashindwa kuamua, akampelekea mwungamishaji wake, naye akamwambia aombeombe mahitaji yake na ayabebe. Akatii. Kisha akakuta amebakiwa na visarafu vitano sita alivyopewa kwa kuomba, akaviacha kwenye benchi pale ufukweni.

Mimi naona hekima kubwa hapo. Biskuti alizibeba, kwa sababu bila hizo mzigo wa njaa yake ungemwangukia nahodha na watu wa chombo. Zile sarafu za akiba aliziacha; hazikuwa zinamsaidia mtu mwingine yeyote, zilikuwa zinamtuliza yeye tu. Na uamuzi hakuufanya peke yake kichwani, alimwuliza anayemjua.

Sasa lete hilo kwenye kubuku. Swali la kujiuliza ni hili: *nani atalipa gharama ya uamuzi wangu?*

Nisipobuku, tukafika kikundi cha watu kumi na watano usiku kwenye nyumba ya masista wawili wazee, imani yangu wameilipia wao kwa usingizi wao. Nikibuku sehemu tatu kwa usiku mmoja ili nichague baadaye, halafu nisifute, uhuru wangu ameulipia mwenyeji aliyewarudisha watu mlangoni, na pia yule aliyerudishwa akatembea kilomita nyingine saba na malengelenge. Ahadi ni deni, na nafasi uliyoshikiwa ni ahadi, hata kama uliishika kwa kubonyeza simu tu na hukutazamana na mtu. Usiichukulie kawaida kwa sababu "kufuta ni bure".

Na upo upande wa pili pia. Nikibuku kila usiku kwa mwezi mzima, nimejifunga. Mwenzangu akiumia goti siku ya nne, nitamwambia nini? "Pole, mimi nina kitanda kimelipiwa huko mbele"? Yule Msamaria Mwema alikuwa na safari yake, lakini ilikuwa na nafasi ya mtu aliyepigwa njiani. Ratiba isiyo na nafasi ya kusimama imeshaamua mapema kwamba jirani hatakuwepo.

Neno kuhusu pasipoti

Tuseme pia jambo ambalo vitabu vya Wazungu kuhusu njia hii havihitaji kulisema. Uhuru wa "nitalala nitakapofika" si wa kila mtu. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya akiomba viza ya Schengen huulizwa atalala wapi, na ushahidi. Kwake kubuku ni sharti la mlangoni. Kwa hiyo usimdharau anayepanga sana. Pengine hana ruhusa ya kutopanga.

Hapo huja jaribu: kubuku hoteli usiyokusudia kulala, upeleke karatasi ubalozini, halafu ufute. "Si kila mtu anafanya?" Ndugu yangu, kubadili mpango ni jambo moja, kuandaa karatasi ambayo tangu mwanzo unajua si kweli ni uongo, hata kama unakupeleka kwenye kaburi la mtume. Andika njia unayokusudia kweli, shika nafasi pale unapokusudia kulala kweli. Hija haianzii uwanja wa ndege, inaanzia kwenye fomu.

Basi tufanyeje?

Kwa maoni yangu, buku usiku wa kwanza na wa mwisho, maana hapo umechoka au unawahi ndege. Buku pia sehemu zinazojulikana kufurika, kama Sarria, ambako wengi huanzia kwa sababu cheti cha hija kinataka angalau kilomita 100 kwa miguu. Hata kwetu ni hivyohivyo: anayekwenda Namugongo kwa ajili ya tarehe 3 Juni na kikundi, awaarifu mapema wenyeji wa parokia za njiani. "Mgeni njoo mwenyeji apone" ni kweli, ila mwenyeji hawezi kupona kama kakosa hata unga wa kuwapikia. Mkiwa na mgonjwa au mtoto, au wewe binti unasafiri peke yako, buku bila aibu. Katikati acha siku kadhaa wazi. Ukijua hutafika, piga simu saa hiyohiyo. Na kwenye kile kisanduku kisicho na bei, weka kitu. Bure yako mtu ameilipia.

Halafu mpango wako ukivunjika, hapo ndipo utaijua imani yako. Rudi Luka 9: wale waliotangulia kuandaa mahali walikataliwa. Yakobo na Yohane walitaka moto ushuke uwateketeze wanakijiji. Huyo Yakobo ndiye mwenye kaburi la Santiago! Yesu akawakemea, wakaenda kijiji kingine. Hakusema mpango ulikuwa kosa, wala hakuona kwamba wenyeji sasa ni maadui. Ukiambiwa mapokezi, "Samahani, jina lako halipo," na ukaweza kumjibu yule dada kwa upole, ukabeba begi ukaendelea, hiyo ndiyo imani.

Tusali: Bwana Yesu, uliyetuma watu wakuandalie mahali nao wakakataliwa, tupe busara ya kupanga bila kumwelemea mtu, na moyo mwepesi mlango unapofungwa. Na utufikishe kwenye nyumba ya Baba, ulikotangulia kutuandalia mahali. Amina.

Frateri wenu.