Wajane na Mama Wazee katika Jamaa ya Mungu

Kanisa la Yerusalemu lilikuwa bado changa lilipoingiwa na manung'uniko. Manung'uniko hayo hayakuhusu sala wala mafundisho, bali chakula cha wajane. Mtakatifu Luka aeleza jambo hilo katika sura ya 6 ya Matendo ya Mitume. Kila siku waamini waligawiwa posho. Lakini wajane wenye kusema Kigiriki walisahauliwa. Mwanamke asiye na mume, ambaye hata lugha yake si lugha ya wenye chungu, nani atamsemea? Mitume hawakusema kwamba hayo ni maneno ya jikoni. Waliwakusanya wanafunzi wote, wakachaguliwa watu saba wenye sifa njema, wakawekewa mikono. Wa kwanza wao ni Stefano. Basi mkatekumeni asikiapo habari za Stefano shahidi, akumbuke kwamba kabla ya kupigwa mawe aliwekwa kuangalia meza ya wajane.

Pengine mtu atasema: «Kwetu mama mzee hakosi ugali.» Ni vema. Walakini chakula peke yake hakitoshi. Naomi aliporudi Betlehemu kutoka nchi ya Moabu, mumewe amekufa na wanawe wawili wamekufa, hakulalamika kwamba ana njaa tu. Alitaka aitwe Mara, maana yake uchungu. Aliondoka na jamaa, akarudi mikono mitupu. Aliyemfuata ni mkwewe Ruthu, mwanamke wa taifa lingine kabisa, ambaye hakushurutishwa na mtu. Ruthu aliokota masazo ya mavuno, akamlisha mama mkwe wake; kisha akaolewa, akazaa. Hapo Kitabu kitakatifu kinaonyesha jambo ambalo wengi hulisoma upesi mno: majirani wanawake walimzunguka Naomi, wakamsifu Ruthu kuwa anampita wana saba, na hao majirani ndio waliompa mtoto jina, Obedi. Naomi alimpakata, akawa mlezi wake. Mama mzee alipata tena chakula, na mtu wa kumlea, na wenzake wa kuzungumza nao. Obedi ndiye babu yake Daudi.

Mtume Paulo alilijua jambo hilo. Katika waraka wake wa kwanza kwa Timoteo ataka watoto na wajukuu wawe wa kwanza kumtunza mjane wao, Kanisa lisilemewe. Mjane wa kuandikwa katika daftari ya Kanisa awe ametimiza miaka 60, naye ajulikane kwa matendo yake. Tena katika waraka kwa Tito awapa wanawake wazee kazi ya kuwafundisha wake vijana. Mama mzee hapewi posho tu. Apewa na kazi.

Kazi ya namna hiyo imeonekana hata nyakati hizi katika mji wa Harare, nchini Zimbabwe. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare, daktari wa maradhi ya akili, Dixon Chibanda, alianza kazi pamoja na nyanya 14. Waliwekewa viti virefu vya mbao nje, karibu na zahanati. Mtu mwenye kuelemewa na mawazo, ambayo Washona huyaita kufungisisa, huketi pale na nyanya, akaeleza, naye nyanya humsikiliza bila haraka, kisha wakatafuta pamoja shida ipi ianze kutatuliwa. Majaribio yaliyofanywa katika zahanati 24 yalitangazwa mwaka 2016: baada ya miezi sita watu waliozungumza hivyo walikuwa wamepungukiwa huzuni kuliko wenzao waliopata matunzo ya kawaida. Madaktari walikuwa wachache mno. Akina nyanya walikuwapo siku zote, ila hakuna aliyewauliza.

Mbali sana, katika visiwa vya Okinawa, nchini Japani, kuna desturi iitwayo moai. Watu hukutana kila mwezi, kila mmoja hutoa fedha kidogo, na jumla hupewa mmoja kwa zamu. Wakongo wataitambua mara moja: ni likelemba yenyewe! Lakini wanawake wengi wa Okinawa huendelea kukutana hata wakiwa wazee, wakati ambapo fedha si jambo kubwa tena. Asipofika mmoja, wenzake huenda kumtazama.

Sasa litajwe jambo la kuhuzunisha. Mwaka 2021, katika Kivu ya Kusini, wanawake wazee waliuawa, wengine kwa kuchomwa moto, kwa kusingiziwa uchawi. Si Kongo peke yake. Nchini Tanzania, upande wa Usukuma, wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya macho mekundu; na macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa jiko, miaka arobaini ya kuwapikia watu haohao. Huko Gambaga, kaskazini ya Ghana, kuna makao ya wanawake waliofukuzwa vijijini mwao kwa masingizio hayo.

Masingizio yana njia yake. Mtoto hufa kwa malaria. Wenye uchungu hutafuta sababu. Macho ya watu hayamwendei mwenye wana wanane wenye nguvu. Humwendea yule akaaye peke yake ukingoni mwa kijiji, asiye na mtetezi. Neno moja hutoka kisimani, jioni limekuwa kumi. Mara nyingi nyuma ya maneno hayo pana shamba, au kibanda, ambacho shemeji amekitamani tangu siku ya maziko. Hivyo amri ya nane huvunjwa kwanza, kwa ulimi. Kisha amri ya saba, na mwisho amri ya tano. Aliyesema tu, akaenda zake kabla ya mawe kurushwa, asidhani mikono yake ni safi. Na yule ajitiaye unabii, apokeaye kuku ili amtaje mchawi, ni mwuzaji wa damu.

Sheria ya serikali nayo haikunyamaza. Sheria ya Jamaa ya Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987, yamhesabu mjane miongoni mwa warithi, na kumpa haki ya kukaa katika nyumba waliyoishi yeye na mumewe. Wajane wengi hawajapata kuisikia. Katekista ajuaye kusoma angeweza kuwasomea, na ingekuwa kazi takatifu.

Lakini sheria haimchotei mtu maji. Katika mwaka 1839, huko Saint-Servan, nchini Ufaransa, mtumishi mmoja maskini jina lake Jeanne Jugan alimchukua nyumbani mama mzee kipofu, akamlaza katika kitanda chake mwenyewe. Kisha akamchukua wa pili. Akatembea na kikapu akiwaombea mkate. Ndivyo lilivyoanza shirika la Masista Wadogo wa Maskini. Naye Papa Benedikto XVI alimtangaza mtakatifu mwaka 2009.

Mtakatifu Luka, aliyeandika habari za wajane wa Yerusalemu, alikuwa amekwisha kumwandika mjane mwingine katika Injili yake. Hakuridhika kusema «mama mzee fulani». Aliandika jina lake, Ana; na jina la baba yake, Fanueli; na kabila lake, Aseri; na kwamba alikaa na mumewe miaka 7 tu; na kwamba umri wake ulikuwa miaka 84. Siku Mtoto Yesu alipoletwa hekaluni, makuhani walikuwa kazini na watu walipita huku na huku. Ana alisogea, akamshukuru Mungu. Na watu wa Yerusalemu waliokuwa wakingojea ukombozi walisikia habari za Mtoto huyo kwa kinywa chake.