Mandhari ni ya Nani?

Hebu tuulizane, ndugu msomaji. Mtu akilipa pesa nyingi alale hoteli ya kifahari mlimani, aamke aangalie bonde, analipia nini hasa? Kitanda? Supu? Hivyo hata Kariakoo vipo, tena kwa bei poa. Analipia macho yake yaone mbali. Sasa kama kuona mbali ni bidhaa, mwenye duka ni nani?

Nauliza kwa sababu kwetu ni Newala. Pale mjini kuna ukingo unaitwa Shimo la Mungu. Ukisimama hapo, uwanda wa Makonde unakatika ghafla mbele ya miguu yako, na macho yanateremka yenyewe mpaka bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Ukishuka Masasi unakuta maajabu mengine: milima ya mawe matupu imechomoza kwenye tambarare, na mji unaishi chini yake.

Huko Uswisi mandhari ya namna hii yana bei, na bei yenyewe si mchezo. Lakini mlima haukuzaliwa wa kitalii. Matterhorn ulipandwa mara ya kwanza mwaka 1865. Watu saba walifika kileleni, wanne wakafa wakati wa kushuka. Wageni hawakukoma, walizidi kumiminika. Ninachokipenda ni kwamba wenyeji wa Zermatt hawakuishia kubeba mizigo. Jumuiya yao mpaka leo inamiliki hoteli, ikiwemo ile ya Gornergrat, zaidi ya mita 3,000 juu.

Kwetu habari ya kukaa juu ni nyingine. Wazee hawakupanda uwandani kutazama machweo. Walikuwa wanakimbia watekaji wa watumwa na mashambulizi ya Wangoni, na vichaka vikawa ngome yao. Bei ya usalama huo ilikuwa maji. Mchanga wa juu hunywa mvua yote, chemchemi zinatokea chini kabisa. Bibi yangu alishuka mteremko ule na ndoo tupu, akaupanda na ndoo imejaa. Mradi wa maji ya bomba wa uwanda ulianza miaka ya 1950, lakini shida haikwisha siku hiyo.

Washikaji zangu husema, "Acha hizo! Uzuri ni wa walioshiba. Mwenye ndoo kichwani haoni mandhari, anaona njia." Maneno matamu, ila siyakubali. Bibi alikuwa na mahali pake pa kutua ndoo, karibu na juu, na akishatua aligeuka kutazama bonde. Nilipomuuliza anaangalia nini, alijibu, "Naangalia nilikotoka, mjukuu wangu." Huyo naye ni mtazamaji, jamani! Tofauti ni kwamba yeye alilipa kwa shingo.

Kwa hiyo dhambi si kutazama, wala anasa peke yake si dhambi. Mtu kachoka, ana pesa zake halali, mwache apumzike. Siku tajiri akija kujenga ukingoni kwetu, mimi nitamuuliza mambo mawili tu. Maji ya bafu na ya bwawa la kuogelea yatatoka wapi, wakati jirani anasubiri zamu ya bomba? Na mama aliyezoea kupumzika pale, atapita au atakuta seng'enge? Mgeni akilipia chumba, amelipia chumba. Hakununua bonde.

Mtaniambia vijana watapata ajira. Kweli, na njaa si kitu cha kuchezea. Lakini kuna ajira ya mtu anayekaribisha wageni kwake, na kuna ajira ya mtu anayefungua mlango ambao zamani ulikuwa wake. Mshahara unaweza kulingana, heshima hailingani.

Na sisi tunaoandika tusijitoe. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alikaa Masasi na Newala akichunguza maisha ya watu, na mwaka 1908 kitabu chake kikatoka Leipzig. Yeye aliona, sisi tukaonekana. Leo kalamu tunazo wenyewe. Lakini kijana wa mjini akiandika shairi la Shimo la Mungu lenye upepo na mawingu tu, bila ile njia ya maji, basi naye ni mgeni wa hoteli, ila hajalipa.

Nawaachia mjadili.